Maji ya Moto: Mgeni wa Saa Sita na Mwenyeji wa Siku Zote

Ziko meli ambazo hazichukui katani, wala pamba, wala korosho. Shehena yake ni watu waliomaliza kazi za mwaka, au kazi za maisha yao yote, nao wamelipa fedha ili wachukuliwe kutoka bandari hata bandari pasipo kuwa na shughuli katika bandari yo yote. Mara kwa mara meli hizo huonekana Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Katika kila kituo abiria hupewa saa chache, sita au nane, washuke, watazame, wanunue, na wawe wamerudi kabla honi haijalia.

Meli za namna hiyo zifikapo Reykjavík, mji mkuu wa kisiwa cha Aisilandi kilichoko kaskazini ya Ulaya, abiria wengi hawana haja ya kutazama majumba ya makumbusho. Hupanda basi, wakaenda mwendo wa kama kilometa 50 katika nchi ya mawe meusi ya volkano, hadi mahali paitwapo Blue Lagoon. Huko hulipa kiingilio kikubwa, hujipaka udongo mweupe usoni, na kuketi katika maji yenye joto la nyuzi 37 hadi 40 za Sentigredi, huku upepo wa baridi ukivuma juu ya vichwa vyao. Kisha hujikausha upesi na kukimbilia melini.

Msomaji aliyeko Itetemia ataniuliza: habari hiyo yatuhusu nini sisi, ambao bahari iko mbali nasi sana, na ambao maji ya kisima chetu yakipata moto ni kwa jua la mwezi wa Oktoba tu? Nami nitamjibu ya kuwa yatuhusu sana, kwani zamani nchi hii yetu ilikuwa bandari, na mambo ya msafiri apitaye na mwenyeji abakiye yalikwisha kutendeka katika njia zilizoanzia hapa, kabla ya kujengwa hata moja ya meli hizo.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, Unyanyembe ilikuwa bandari ya nchi kavu. Itetemia palikuwa makao ya watemi. Kazeh na Kwihara ndiko walikokaa wafanyabiashara wa Kiarabu katika matembe yao, na maghala yao ya pembe na nguo. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo, ikapumzika hapa, kisha njia ikagawanyika: moja ikashika magharibi kupitia Uvinza hata Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke, walioondoka pwani mwaka 1857, walitumia siku 134 kufika Kazeh, nao waliingia tarehe 7 Novemba wakiwa wagonjwa na wamechoka.

Na baharia wa meli hiyo ya miguu alikuwa nani? Alikuwa mpagazi, na mara nyingi alikuwa Mnyamwezi. Begani alichukua mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake mkeka wake, chungu chake na posho yake. Bega lilichubuka likaota sugu, nyayo zilipasuka, na vidonda vya miguu vilikuwa ndugu wa safari. Aliyeshindwa kutembea aliachwa katika kijiji cha watu asiowajua, na mzigo wake ukapewa mwingine.

Kwa mtu wa kazi hiyo, kituo si anasa. Kituo ndiyo dawa yenyewe. Msafara ulipofika Unyanyembe wapagazi wengi waliweka mizigo chini wakatawanyika kwenda makwao, na tajiri akangoja majuma mengi kupata wengine. Wageni wa Kizungu waliliandika jambo hilo katika vitabu vyao kwa hasira, wakaliita utoro na uvivu. Lakini mtu aliyebeba frasila mbili kwa miezi minne, akafika penye nyumba ya mama yake, atafanya nini kama si kuingia ndani akanyosha mgongo?

Tuishike sasa ile njia ya kaskazini. Aliyeifungua kwa biashara ya Kazeh alikuwa Mhindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, na mwisho wake huko Karagwe palikuwa na kituo cha Kafuro, karibu na makao ya Mukama Rumanika. Speke na Grant walifika kwa Rumanika mwezi wa Novemba 1861. Grant akaugua mguu hata asiweze kusimama. Mwezi wa Januari 1862 Speke alimwacha hapo, akaenda zake Buganda. Mwenziwe akabaki kitandani mpaka Aprili, ndipo alipochukuliwa machelani. Hata Mzungu, basi, ambaye hakubeba cho chote begani, njia hiyo ilimwangusha.

Katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe pana mahali paitwapo Mtagata, au Mutagata kwa matamshi ya wenyeji, ambapo siku hizi ni katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Ni bonde jembamba lenye msitu, na chini ya mawe yake hutoka chemchemi kadhaa za maji ya moto. Sifa za maji hayo zilikuwa zimeenea mbali tangu zamani, na wagonjwa waliyaendea kutoka nchi za jirani kwa miguu. Mapema mwaka 1876 alifika huko Henry Stanley, yule yule aliyekuwa amekaa Kwihara miaka mitano nyuma, na ambaye mwezi wa Aprili mwaka huo huo alikutana na Mtemi Mirambo wakafanya udugu wa damu.

Stanley alikaa Mtagata siku chache. Alitia kipimajoto chake katika chemchemi, akakuta ya moto kupita zote yakaribia nyuzi 54. Aliyaoga na kuyanywa, na mwisho akaandika ya kwamba yeye mwenyewe hakuona faida yo yote. Aliandika pia habari za watu aliowakuta: wake kwa waume, wenye upele na vidonda, wamelala katika mabwawa ya mawe, mvuke ukiwapanda. Maneno aliyowaeleza kwayo hayana heshima nyingi, nami sioni sababu ya kuyarudia hapa.

Lakini twaweza kuyafikiri aliyoyaona. Katika bwawa moja walikutana waogaji wa namna mbili. Mmoja alikuja na kipimajoto, mwingine alikuja na upele. Mwenye kipimajoto hakuwa na ugonjwa wa ngozi, hakukaa sana, akaenda zake; naye ndiye aliyeandika kitabu. Mwenye upele alikaa mpaka ngozi yake ikalainika na akalala usingizi usiku bila ya kujikuna, naye hakuandika neno. Dunia ikapokea habari za Mtagata kwa kinywa cha mtu ambaye hakuwa na haja na Mtagata. Abiria wa saa sita na mwenyeji wa siku zote hawawezi kuyapima maji kwa kipimo kimoja.

Hapa ni wajibu kusema wazi yapi maji ya moto huweza na yapi hayawezi, kwa kuwa sitaki msomaji yeyote aufunge mzigo wake leo usiku kwenda Kyerwa na kuacha dawa za hospitali. Mvua inyeshapo, maji mengine huzama chini sana kupitia nyufa za mwamba. Kadiri yaendavyo chini ndivyo yakutanavyo na joto la ardhi. Yakisha kupata moto hupanda tena kwa njia ya nyufa nyingine, yakiwa yameyeyusha chumvi na madini ya mawe yaliyopitia. Nchi zetu za Bonde la Ufa zina nyufa nyingi, ndiyo sababu tunayo maji ya moto Songwe na Rungwe, Manyara, Mara, Katavi na kwingineko.

Joto la maji hulegeza misuli iliyokaza na kutuliza maumivu ya viungo; mpagazi alilijua hilo, na kuli wa bandarini alijua, na mama aliyepalilia mpunga kutwa nzima alijua. Maji yenye kiberiti husaidia magonjwa fulani ya ngozi. Hata hospitalini dawa ya upele iliyotiwa kiberiti imetumika miaka mingi. Zaidi ya hapo, maji hayatibu kifua kikuu, hayatibu UKIMWI, hayatibu kisukari wala saratani. Twakumbuka mwaka 2011, maelfu na maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na miongoni mwao wapo walioacha dawa zao. Tena maji yenye nyuzi 54 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda usiotimia dakika moja. Mwenye kisukari au ukoma ambaye nyayo zake zimekufa ganzi aweza kuungua asijue mpaka atoke majini. Mjamzito, mtoto mchanga, na mwenye ugonjwa wa moyo, hao wasiingie pasipo shauri la mganga. Penye maji ya moto yaliyo wazi kwa watu sharti pawe na mtu aliyefundishwa, mwenye kipimajoto, anayejua kusema hapana.

Sasa tushuke pwani, kwani watu wetu nao walishuka. Katika miaka ya ukoloni vijana wa Unyamwezi, pamoja na ndugu zetu Waha wa Kigoma na wengineo, walikwenda Tanga kukata mkonge. Wenye mashamba walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliyeandikwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wote wakaitwa manamba. Kazi ilipimwa kwa kipande: siku 30 za kazi zitimizwe katika muda wa siku 42. Mkonge una mwiba katika ncha ya jani, na utomvu wake ukigusa ngozi huwasha hata mtu ajikune mpaka damu. Mjukuu wa mpagazi, aliyerithi bega lenye sugu, akaongezewa mikono yenye mabaka.

Na kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Amboni, mwendo mfupi kutoka bandarini, kuna chemchemi za maji ya moto yenye kiberiti. Jina lililozishika chemchemi hizo ni Galanos, jina la Mgiriki aliyekuwa mwenye mashamba ya mkonge. Majengo ya kuogea yalijengwa hapo, kisha yakaachwa yakachakaa. Sisemi neno baya juu ya mzee huyo, ambaye jina lake liko pia katika shule ya sekondari ya mjini Tanga. Nasema tu kwamba walioungua mikono kwa utomvu wa mkonge walikuwa maelfu, na kwamba jina lililobaki juu ya maji ya dawa ya ngozi ni la mwenye shamba. Atakaye kujua historia ya tabaka za watu katika nchi yetu, na aende Amboni asome kibao.

Habari hii si ya kale peke yake. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga. Zilitia nanga mbali, na mizigo ikashushwa kwa matishari. Kati ya mwaka 2019 na 2023 bandari hiyo ilichimbwa na kupanuliwa, hata ikapata gati la mita 450 lenye kina cha mita 13. Gati lipokealo meli ya shehena laweza pia kupokea meli ya watalii. Siku ambayo abiria elfu moja watashuka Tanga na kuuliza ni nini kilicho karibu cha kutazama kwa saa sita, watu watakumbuka Amboni, mapango yake na maji yake. Mwekezaji atatokea. Pataletwa saruji, vigae, viti vya kulalia na mlango wenye mlinzi. Swali ni kwamba mkata mkonge wa leo, mvuvi, na mama muuza samaki watakuwa upande gani wa mlango huo.

Wako watakaosema: mambo ndivyo yalivyo duniani kote, mwenye fedha ndiye aogaye. Hao nawarudisha Aisilandi. Lile ziwa wanalolikimbilia abiria wa meli si kazi ya Mungu peke yake. Ni maji yaliyotumika katika mtambo wa umeme wa Svartsengi, uliojengwa mwaka 1976, yakamwagwa nje juu ya mawe yakakusanyika. Watu wenye magonjwa ya ngozi wakaanza kuyaoga, wakaona nafuu; kampuni ikaundwa mwaka 1992, na ndipo viingilio vikapanda. Lakini mvuvi wa Aisilandi haendi kuoga huko, wala hana haja. Karibu kila mji, hata mdogo, una bwawa la halmashauri lililopashwa moto na maji ya ardhini, ambalo mfanyakazi huliingia kwa fedha kidogo jioni atokapo kazini. Diwani huketi humo pamoja na fundi bomba, na maneno ya mji huzungumzwa humo kama yanavyozungumzwa kwetu barazani penye kahawa. Tangu mwaka 1940 sheria yao imetaka kila mtoto wa shule afundishwe kuogelea, maana ni taifa la wavuvi, na wengi walikuwa wamekufa maji. Wageni wana ziwa lao la bei kubwa. Wananchi wana mabwawa yao. Na la kwanza halikulimeza la pili.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa joto la ardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, shirika la umeme limefanya bwawa la kuogea kwa maji hayo hayo ya mtambo. Bwawa limo ndani ya hifadhi ya wanyama, kwa hiyo muogaji hulipa mara mbili, langoni kwa hifadhi na tena bwawani. Lakini hifadhi humtoza raia kiasi kilicho pungufu sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Desturi hiyo ya bei mbili hata sisi tunayo katika mbuga zetu, wala hatukuona haya kuwa nayo. Hata hivyo nauli ya kutoka kijijini hata bwawani haina bei mbili, na kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo nauli ndiyo mlango wa kwanza.

Sisi hatuanzi bila ya msingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja maji pamoja na ardhi, misitu na madini katika njia kuu za uchumi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imeyaweka maji yote ya nchi kuwa mali ya umma, Rais akiyashika kwa amana ya wananchi. Mwekezaji basi haji kununua chemchemi. Aja kuomba ruhusa ya kufanya kazi penye mali ya watu. Mwenye mali ndiye atoaye masharti.

Masharti yenyewe si mengi wala si magumu. Chemchemi moja, tena iliyo nzuri, si ile ya matope ambayo mgeni ameikataa, ibaki wazi kwa wenyeji bila ya malipo. Ziwepo saa za wanawake na saa za wanaume, kwa heshima ya desturi zetu. Zahanati iwe karibu, na sehemu ya kiingilio cha wageni ilipe mshahara wa mtumishi wake. Vijana wa kijiji wafundishwe kazi ya usimamizi na uokoaji, wasibaki kuwa wafua taulo peke yao. Msitu ulioko Mtagata usikatwe ili kupata mahali pa magari, kwani ndio uliofanya mahali pale pawe pa kupumzikia tangu mwanzo, na wazee wa Kyerwa wameulinda kwa mila zao miaka mingi kabla ya kuwapo kwa idara ya misitu.

Tabora haina chemchemi ya moto, nami sitadai ipelekewe. Lakini Tabora ina karakana, ina reli, ina viwanda, na ina wafanyakazi wenye migongo inayouma. Zamani vyama vya wafanyakazi vilijua kupanga safari za pamoja, mabehewa mawili au matatu, na wake na watoto wakiwamo. Sioni kwa nini tawi la wafanyakazi wa reli lisiweze kuandika barua Tanga, kuuliza chumba cha kulala watu 40 ni bei gani kwa siku nne, na kutaka jibu kwa maandishi. Barua kama hiyo, ikiwa mezani pa halmashauri kabla ya barua ya wakala wa meli, itakuwa na uzito wake siku ya kugawa saa za bwawa.